Kutoka Nukta hadi Pembetatu: Nusu Karne ya Vitabu vya Kuchora Gemu

Mwaka 1973 vilitoka Marekani vitabu viwili ambavyo wasomaji wake hawakukutana. Cha kwanza kiliitwa Principles of Interactive Computer Graphics, kazi ya William Newman na Robert Sproull, na kilikusudiwa wanafunzi wa vyuo vikuu. Kilifundisha namna ya kuchora mstari kwenye skrini, kuzungusha umbo kwa hesabu za matriksi, na kuficha pande ambazo mtazamaji hapaswi kuziona. Cha pili, 101 BASIC Computer Games, kilihaririwa na David Ahl na kuchapishwa na Digital Equipment Corporation, kampuni iliyokuwa ikiuza kompyuta. Hiki kilikuwa mkusanyiko wa michezo ambayo msomaji aliinakili kwenye kompyuta mstari kwa mstari. Michezo yenyewe ilizungumza kwa herufi na namba, mara nyingi zikipigwa chapa kwenye karatasi ya teletaipu.

Kimoja kilikuwa na picha bila mchezo. Kingine kilikuwa na mchezo bila picha. Tangu hapo, vitabu vya wanaoanza kuandika programu za michoro ya gemu vimekuwa vikijaribu kuzikutanisha njia hizo mbili, na kila zilipokaribia kukutana, mashine ilibadilika. Ndiyo maana kijana anayetafuta kitabu chake cha kwanza leo hukuta orodha ndefu ya vitabu vinavyosifiwa, vingi vikihusu mashine ambazo hazitumiki tena. Akiijua historia yake, ataweza kutenganisha kilichochakaa na kilicho hai.

Njia ya kwanza ilianzia maabara. Mwaka 1963 Ivan Sutherland aliwasilisha MIT tasnifu ya udaktari kuhusu Sketchpad, programu iliyomwezesha mtu kuchora kwenye skrini kwa kalamu ya mwanga. Mwaka 1968 alihamia Chuo Kikuu cha Utah, mjini Salt Lake City, alikokuwa David Evans, na idara yao ikawa kitovu cha fani nzima. Henri Gouraud alionyesha mwaka 1971 jinsi ya kulainisha kivuli juu ya umbo lililoundwa kwa vipande bapa. Bui Tuong Phong akaongeza mng'ao wa mwanga, kisha akafariki mwaka 1975, mwaka uleule makala yake ilipochapishwa. Ed Catmull, ambaye baadaye alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Pixar, aliandika mwaka 1974 kuhusu kubandika picha juu ya umbo, na kuhusu kuiwekea kila nukta ya skrini namba ya umbali wake. Nukta mpya huchorwa tu ikiwa iko karibu na mtazamaji kuliko iliyokwisha kuchorwa. Wakati huo mbinu hiyo ilihitaji kumbukumbu nyingi kupita kiasi. Leo imo ndani ya karibu kila simu.

Huko huko Utah, mwaka 1975, Martin Newell alikuwa akitafuta umbo la kufanyia majaribio, akachukua birika la chai la nyumbani kwake. Lilimfaa: lina tumbo la mviringo, mkono wenye uwazi katikati, na mdomo unaoweza kuangusha kivuli juu ya birika lenyewe. Akatoa vipimo vyake kwa wenzake, na tangu hapo birika hilo limechorwa katika vitabu vya michoro ya kompyuta pasipo hesabu. La asili limehifadhiwa katika Computer History Museum, California. Anayelilinganisha na lile la kwenye skrini atagundua kwamba la kweli ni refu zaidi, kwa kuwa njiani vipimo vya kimo vilipunguzwa na hakuna aliyejali kuvirudisha.

Elimu yote hiyo ilikuja kukusanywa na James Foley na Andries van Dam katika kitabu cha mwaka 1982, kisha katika kile kilichotoka mwaka 1990 wakiwa na Steven Feiner na John Hughes: Computer Graphics: Principles and Practice, chenye kurasa zaidi ya 1,100. Wanafunzi walikitaja kwa majina ya waandishi wawili wa kwanza tu. Humo mna hesabu ya Jack Bresenham wa IBM, aliyebuni mwaka 1962 namna ya kuchora mstari wa mshazari kwa kujumlisha na kutoa namba nzima, bila kugawanya hata mara moja. Mna rangi, mwanga, mikunjo na miale. Lakini mifano yake iliegemea vifurushi viwili vya programu, SRGP na SPHIGS, vilivyotengenezwa kwa ajili ya kufundishia. Msomaji aliyetaka kutengeneza gemu alimaliza sura kadhaa akiwa amejua mengi, na bado asijue aanzie wapi kumfanya mtu wake akimbie kwenye skrini.

Njia ya pili haikungoja chuo kikuu. Kompyuta za nyumbani zilipoanza kuuzwa, Ahl alikitoa upya kitabu chake mwaka 1978 kwa jina BASIC Computer Games, na kinatajwa kuwa kitabu cha kwanza cha kompyuta kuuza nakala milioni moja. Nchini Uingereza, Sinclair ilileta ZX Spectrum mwezi Aprili 1982, ya bei ndogo ikiwa pauni 125. Pamoja na mashine mnunuzi alipewa kitabu cha maelekezo kilichoandikwa na Steven Vickers, na kwa watoto wengi hicho ndicho kilikuwa kitabu cha kwanza cha michoro. PLOT iliweka nukta, DRAW ilivuta mstari, CIRCLE ilichora duara. Mtoto aliandika maneno matatu akaona alichokiandika.

Mwaka huohuo kampuni ya Usborne ya London ilianza kutoa vitabu vyembamba vya gemu, vyenye maroboti na vyombo vya anga vilivyochorwa kwa rangi kali. Kurasa za programu zilikuwa na alama ndogo pembeni ya baadhi ya mistari. Mwenye BBC Micro alifuata alama yake, mwenye VIC-20 yake, mwenye ZX81 yake, kwa kuwa kila mashine ilikuwa na lahaja yake ya lugha ya BASIC. Programu haikuja kwenye diski. Msomaji aliichapa herufi kwa herufi, akaiendesha, ikamwambia kuna kosa kwenye mstari fulani, akarudi kitabuni kutafuta nukta au mabano aliyoyasahau. Wengi walijifunza zaidi katika kusaka kosa kuliko katika kunakili. Mwaka 2016 Usborne ilivitoa bure vitabu hivyo kwa njia ya intaneti, na mpaka sasa vinaonyesha vizuri jinsi ya kuzungumza na mtu asiyejua chochote bila kumdharau.

Udhaifu wa njia hii ulijitokeza mapema. BASIC ilikuwa ya polepole mno kwa gemu lenye mwendo wa kasi. Aliyetaka zaidi alilazimika kushuka kwenye lugha ya mashine, na huko vitabu vya watoto vilikuwa vichache na vigumu. Kwenye Spectrum hata mpangilio wa skrini katika kumbukumbu ulikuwa na kero yake: mistari haikufuatana juu kwenda chini, na mchora picha alipaswa kukokotoa kila mstari umehifadhiwa wapi.

Njia mbili zilikaribiana kweli kweli baada ya mwaka 1987, IBM ilipoleta mfumo wa picha wa VGA. Miongoni mwa hali zake za kuonyesha picha kulikuwa na moja iliyojulikana kwa namba tu, 13h. Ilitoa skrini ya nukta 320 kwa 200, kila nukta ikiwa na rangi moja kati ya 256, na kila nukta ikikaa katika baiti moja. Jumla yake ni baiti 64,000. Kompyuta ya wakati huo ilisoma kumbukumbu kwa mafungu ya baiti 65,536, kwa hiyo skrini nzima ilienea ndani ya fungu moja na nafasi ikabaki.

Urahisi wake unaonekana katika hesabu. Anayetaka kuwasha nukta iliyo safu ya 100 kwenye mstari wa 50 anazidisha 50 kwa 320, anapata 16,000, anajumlisha 100, kisha anaandika namba ya rangi kwenye baiti ya 16,100. Basi, nukta imewaka. Na kwa kuwa kuzidisha kulikula muda wa prosesa, vitabu vilifundisha ujanja: 320 ni 256 na 64, na kuzidisha kwa namba hizo mbili ni kusogeza biti kushoto mara nane na mara sita, kisha kujumlisha majibu. Mwanafunzi aliyeuelewa ujanja huo alikuwa ameelewa kumbukumbu ni nini, skrini ni nini, na kwa nini kasi ina gharama. Ni vigumu kutaja somo la kwanza bora kuliko hilo katika historia nzima ya fani.

Gemu nazo zikatoa hamu. Wolfenstein 3D ya id Software ilitoka mwaka 1992 na Doom Desemba 1993, na ghafla kila kijana mwenye kompyuta alitaka kujua zimetengenezwaje. Wachapishaji walimwona msomaji huyo. André LaMothe alitoa mwaka 1994 Tricks of the Game Programming Gurus, na mwaka uliofuata Black Art of 3D Game Programming. Humo mlikuwa na kila kitu pamoja: nukta, picha zinazotembea, sauti, kibodi, na mbinu ya kurusha miale ambayo Wolfenstein iliitumia, yaani kutuma mwale mmoja kwa kila safu wima ya skrini, kupima ukuta uko mbali kiasi gani, kisha kuchora kipande kirefu au kifupi kulingana na umbali. Lugha ya LaMothe ilikuwa ya kirafiki, yenye mbwembwe na ahadi kubwa. Maprofesa hawakuipenda sana, vijana waliinunua.

Michael Abrash alikuwa mwalimu wa namna nyingine. Mwezi Julai 1991, katika jarida la Dr. Dobb's Journal, alieleza hali ya VGA ambayo IBM haikuitangaza, akaiita Mode X. Ilikuwa na nukta 320 kwa 240. Hapo nukta zikawa mraba kamili na duara likaonekana duara, ilhali kwenye 13h lilirefuka kwenda juu. Tatizo ni kwamba 320 kwa 240 ni nukta 76,800, nazo haziingii katika fungu la baiti 65,536. Suluhisho lilikuwa kuigawa skrini katika tabaka nne zenye anwani 19,200 kila moja. Abrash alieleza yote haya kwa utulivu wa fundi anayefungua saa mbele ya mwanagenzi wake: anakionyesha kila kijigurudumu, anapima, anarudisha, anapima tena.

Baadaye Abrash alijiunga na id Software na kufanya kazi na mwanaprogramu wake John Carmack kwenye gemu la Quake, lililotoka mwaka 1996. Aliyojifunza aliyaweka katika Graphics Programming Black Book ya mwaka 1997, yenye sura 70. Mojawapo ya siri alizofichua ni namna Quake ilivyobandika picha za kuta. Ili picha ifuate umbali sawasawa, kila nukta inahitaji tendo la kugawanya, na kugawanya kulikuwa tendo la polepole kwenye prosesa ya Pentium. Wao waligawanya mara moja kwa kila nukta 16. Tena walianzisha mgawanyo wa nukta 16 zinazofuata wakati prosesa ikiendelea kuchora zile zilizotangulia, hivyo muda wa kungoja ukapotea ndani ya kazi.

Kitabu hicho kilifika madukani wakati ujuzi wake mkuu ukianza kupitwa. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ilikuwa imeingiza sokoni kadi ya grafiki ya Voodoo, iliyofanya mgawanyo huo kwa kila nukta, yenyewe, bila kuisumbua prosesa. Ujanja wa nukta 16 haukuhitajika tena. Hata hivyo Black Book haikufa. Mwaka 2001 iliwekwa kwenye intaneti bila malipo, na bado inasomwa na watu ambao hawajawahi kugusa kompyuta yenye VGA, kwa sababu inafundisha tabia ya kupima kabla ya kuamini. Hapo historia ya vitabu hivi inatoa funzo lake la kwanza: mbinu ilikufa, namna ya kufikiri ikabaki.

Kadi za grafiki zilibadilisha swali lenyewe. Kabla yake anayeanza aliuliza, nukta nitaiwashaje? Sasa aliuliza, pembetatu zinazounda umbo nitazituma vipi kwenye kadi? Jibu lilikuwa tayari limeandikwa na Silicon Graphics, kampuni ya Jim Clark, naye pia mhitimu wa Utah. Mwaka 1992 ilitoa mkusanyiko wa amri za kuchora uitwao OpenGL, na mwaka 1993 kikafuata kitabu rasmi cha mafunzo chenye jalada jekundu, OpenGL Programming Guide. Programu yake ya kwanza ilichora mstatili mweupe juu ya skrini nyeusi. Mwanafunzi alitaja rangi, akaandika glBegin, akataja pembe nne moja baada ya nyingine, akafunga kwa glEnd. Mtu aliweza kuisoma kwa sauti na kuelewa nini kitatokea.

Microsoft nayo ilileta mkusanyiko wake, DirectX, mwaka 1995, na sehemu yake ya 3D ilikuwa ngumu kiasi kwamba Carmack aliilalamikia hadharani mwishoni mwa mwaka 1996, akatangaza kuegemea OpenGL. Msomaji akajikuta katikati ya kambi mbili, kila moja na vitabu vyake. OpenGL SuperBible ya Richard Wright na Michael Sweet ilitoka mwaka 1996 ikiwalenga watumiaji wa Windows. Kwenye intaneti, Jeff Molofee wa Kanada alianza kuweka masomo mafupi yaliyopangwa kwa namba chini ya jina NeHe: somo la kwanza dirisha tupu, la pili pembetatu na mraba, la tano maumbo ya pande tatu, la sita picha iliyobandikwa juu ya mchemraba. Watu wengi waliofanya kazi ya gemu miaka ya 2000 walipitia hapo.

Mwaka 2003, kadi za grafiki zikiwa zimeenea kila mahali, LaMothe alifanya jambo la ukaidi. Kitabu chake Tricks of the 3D Game Programming Gurus, chenye kurasa zaidi ya 1,500, kiliiacha kadi pembeni na kumfundisha msomaji kuijaza pembetatu mwenyewe, nukta kwa nukta, kwa prosesa peke yake. Kwa soko, ulikuwa uamuzi wa kurudi nyuma. Kwa mwanafunzi, ulikuwa uamuzi wenye hekima, maana aliyeimaliza kazi hiyo alijua kadi inafanya nini ndani yake.

Kisha ukaja mgawanyiko ambao unawatesa wanaoanza mpaka leo. Mwaka 2001 kampuni ya NVIDIA ilitoa GeForce 3, kadi iliyokubali kupokea programu ndogo za mtumiaji ziitwazo sheda, na polepole kuchora kukawa kuandika sheda. Mwaka 2008 OpenGL 3.0 iliziorodhesha glBegin na jamaa zake kuwa ni za kuachwa. Mwaka 2009 toleo la 3.1 likaziondoa. SuperBible ya mwaka 2010 iliandikwa upya bila amri hizo. Vitabu vya zamani havikuondoka madukani wala kwenye maktaba. Mtu anayeokota leo kitabu cha OpenGL cha mwaka 1999 atasoma maelezo mazuri yaliyoeleweka, kisha atakuta nusu ya amri zake hazikubaliki katika OpenGL ya sasa. Mambo hayakuishia hapo. Mfumo mpya wa kuchora, Vulkan, ulitoka Februari 2016, na humo pembetatu ya kwanza inadai mamia ya mistari ya maandalizi kabla haijaonekana. Ni chombo chema kwa fundi aliyekomaa, lakini hakimfai mtu wa siku ya kwanza.

Katikati ya mabadiliko hayo kulikuwa na vitabu ambavyo havikutikisika. Mwaka 1999 Tomas Möller na Eric Haines walitoa Real-Time Rendering, iliyofikia toleo la nne mwaka 2018. Mwaka 2001 Eric Lengyel alitoa kitabu cha hisabati kwa waandishi wa gemu za 3D, na mwaka 2002 Fletcher Dunn na Ian Parberry wakatoa 3D Math Primer for Graphics and Game Development. Vitabu hivi haviegemei sana kadi wala amri za kampuni fulani. Vinahusu vekta, matriksi, pembe, mwanga na jinsi mwanga unavyokutana na uso wa kitu.

Sababu ya kudumu kwao inaweza kuonekana katika mstari mmoja wa msimbo. Karibu kila sheda ya kwanza ya mwanafunzi hukokotoa kosaini ya pembe iliyo kati ya uelekeo wa mwanga na uelekeo wa uso. Uso ukiukabili mwanga moja kwa moja, jibu ni 1 na rangi inang'aa kikamilifu. Ukigeuka hadi nyuzi 60, jibu ni 0.5 na rangi inapungua nusu. Ukifika nyuzi 90, jibu ni 0 na uso unakuwa mweusi. Kanuni hiyo ilielezwa na Johann Heinrich Lambert katika kitabu alichokichapisha mwaka 1760. VGA, Voodoo na glBegin zimekuja na kupita, na kanuni ya Lambert ingali inafanya kazi ileile kwenye simu iliyonunuliwa jana.

Afrika Mashariki iliingia katika hadithi hii ikiwa imechelewa, na si kwa kukosa watu. Mwaka 1974, Catmull akiandika tasnifu yake, serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Baadaye mashine zilipopatikana, vitabu vya kurasa elfu moja vilivyochapishwa Marekani viliendelea kuwa ghali na adimu, na intaneti ya setilaiti ilikuwa ya polepole na ya gharama. Hata hivyo, mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alikuwa amekwisha kutengeneza The Adventures of Nyangi, gemu la 3D. Julai 2009 mkongo wa intaneti wa baharini wa SEACOM ulianza kazi ukigusa Mombasa na Dar es Salaam, na vitabu vya bure vikawa na maana mpya kwa wasomaji wa huku. Mwaka 2015 Kenya ilipata Nairobi X, gemu la kupiga risasi linalochezwa kwa jicho la mhusika, na mandhari yake ni jiji la Nairobi.

Vitabu hivyo vya bure ndivyo vilivyozikutanisha tena zile njia mbili za mwaka 1973. Peter Shirley, mtafiti wa siku nyingi wa fani hii, alitoa mwaka 2016 Ray Tracing in One Weekend, kitabu kifupi ambacho programu yake ya kwanza haihitaji hata kadi ya grafiki: inaandika namba za rangi katika faili la maandishi la muundo wa PPM, na faili hilo likifunguliwa ni picha. Gabriel Gambetta, aliyewahi kufundisha michoro ya kompyuta chuo kikuu nchini Uruguay, alitoa Computer Graphics from Scratch mwaka 2021, na kinasomeka pia bila malipo. Kinaanza na tendo moja tu, kuweka nukta yenye rangi mahali fulani. Kutoka hapo msomaji anatengeneza mwenyewe mfumo wa miale, kisha mfumo wa pembetatu, pamoja na ile namba ya umbali ya Catmull na mng'ao wa Phong. Joey de Vries naye aliyakusanya masomo yake ya LearnOpenGL kuwa kitabu mwaka 2020, yakifundisha OpenGL ya sheda tangu ukurasa wa mwanzo. Kwa upande wa Windows, vitabu vya Frank Luna vya DirectX 11 na 12 vinaanza kwa sura tatu za hisabati kabla ya kuigusa kadi.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wauzaji wa vitabu hawalisemi sana. Tangu injini ya gemu ya Unity ilipotoka mwaka 2005 na ile ya Godot ilipowekwa huria mwaka 2014, mtu anaweza kutengeneza gemu zima bila kuandika msimbo wa kuchora pembetatu hata moja. Injini inamfanyia. Anayetaka gemu lake lichezwe mwakani hahitaji kitabu cha michoro. Anahitaji kitabu cha injini, na akinunua cha michoro atakata tamaa bure. Kitabu cha michoro ni cha mtu anayetaka kujua ndani ya injini mna nini, au anayetaka kuajiriwa na wanaoitengeneza.

Kwa msomaji wa aina hiyo, ushauri unaotokana na nusu karne hii ni mfupi. Afungue kwanza ukurasa wa haki za uchapishaji aangalie mwaka. Kitabu cha OpenGL kilichoandikwa kabla ya mwaka 2010, au toleo lolote linaloanza na glBegin, kibaki rafuni. Asome programu ya kwanza ya kitabu aone kama kompyuta aliyonayo inaweza kuiendesha. Atazame kama hisabati imefundishwa au imerukwa, kwa kuwa kitabu kinachoiruka kitamwacha njiani kwenye sura ya mwanga. Mwenye kompyuta dhaifu aanze na Gambetta au Shirley. Mwenye kadi ya grafiki na ujuzi wa C++ aendelee na de Vries, au Luna akiwa mtu wa Windows. Real-Time Rendering kingoje mpaka pembetatu ya kwanza imekwisha kuonekana kwenye skrini. Na kitabu chochote atakachokichagua, aichape programu kwa mikono yake mwenyewe bila kuinakili tayari, kama walivyofanya wasomaji wa Ahl na Usborne.